Base imeuzwa, base inalia

Siku ya mungu ile, kiisha misa, muzee alikaa mu kiti yake karibu na dirisha, mikono juu ya magoti. Muziki alikwisha kuiacha tangu zamani. Miaka yake ya kazi aliipitisha chini ya udongo na mashini ya upepo, ile ya kutobolea majiwe, na masikio yake ni sawa vile yalibakia kule. Unamuuliza kama amekula, anakujibu kwamba mvua itanyesha. Kwa hiyo wakati vijana walifungua bafle ili kusikiliza wimbo wanaotengeneza, hakuna mutu aliyemuangalia yeye. Ni yeye mwenyewe aliinua mukono.

— Njo nani eko anapiga base?

Yaya yangu akainama karibu na sikio lake.

— Papa, base haiko. Ni paka gitare.

— Weye, acha bongo. Minaisikia humu.

Na akajipiga kifua na ngumi.

Wote wawili walikuwa na haki. Base ilikuwa inalia, na base haikuwa mu nyumba. Ile ya yaya iliuzwa mwezi wa tisa, wakati masomo yanafunguliwa. Kampuni ndogo aliyokuwa anatumikia, moja ya zile zinazopewa kazi na kampuni kubwa, ilikuwa haijalipa miezi miwili, na binti yake alikuwa anaingia sekondari. Minervale haingojei. Base ile aliinunua ku Lubumbashi, ya kutumiwa, wakati alikuwa kijana asiye na bibi. Ilitoka mu nyumba ndani ya gunia ya mihindi, ikaenda ku kwaya moja ya mtaa mwingine. Mimi nilikuwa pale. Hakuna mutu aliyesema neno.

Kiisha hapo yaya aliendelea kuja mu repetisyo sawa kawaida. Anakaa pembeni, anapiga base na vidole juu ya goti yake. Basiste asiye na base ni sawa dereva asiye na motokari: anabakia kuongea tu habari ya barabara. Vijana wa kundi walimuheshimu, lakini wimbo ulikuwa mwepesi, hauna miguu. Ngoma inagonga, gitare inalia juu, sauti zinaimba, na katikati kuna tundu.

Aliyejaza tundu ile ni mutoto wa jirani anayesoma informatike. Alikuja na ordinatere yake ya zamani, ile ambayo ukiitosha ku umeme inazimika kiisha nusu saa, akamuambia yaya achukue gitare ya kundi na apige njia yake ya base juu ya nyuzi zile nene. Yaya akapiga. Mutoto akabonyeza hapa na pale, akangojea kidogo, kiisha akafungua bafle. Sauti ikashuka. Haikuwa base kamili, mutu wa base anaweza kuona tofauti mara moja. Lakini wimbo ulipata miguu.

Nilipoona vile nikaanza kuuliza na kusoma, juu ninajua nyumba mingi huku kwetu, na kwaya mingi, ziko na gitare moja na hazina base. Na mutu anayetaka kuirekodi wimbo ya ndoa ao ya matanga hawezi kungojea mushahara wa kununua base. Nilichopata ndicho ninawaletea.

Kushuka si kunyamaza

Tuanze na neno lenyewe. Tukisema hapa "kushusha sauti", si kupunguza makelele. Ni sawa vile bibi na bwana wanaimba wimbo moja mu kanisa: maneno ni yale yale, muziki ni ile ile, lakini sauti ya bwana inatembea chini na ya bibi inatembea juu. Wafundi wa muziki wanaita urefu ule oktave.

Uzi wa gitare ukiupiga unatetemeka. Uzi munene kuliko yote, ule wa mi, unatetemeka mara 82 kwa sekonde moja. Uzi munene wa base ni mi vilevile, lakini unatetemeka mara 41. Nusu kabisa. Uzi wa la: mara 110 ku gitare, mara 55 ku base. Re: 147, na 73. Sol: 196, na 98. Nyuzi ine za base ni nyuzi ine za chini za gitare, majina ni yale yale, mupango ni ule ule, na kila moja ni nusu ya mwenzake. Ni kwa sababu ile yaya hakujifunza kitu kipya siku ile. Vidole vyake vilijua njia. Ni mashini ndiyo ilikuwa na deni ya ile nusu.

Kuna mutu atauliza: kwa nini usilegeze tu nyuzi za gitare mpaka zishuke? Nami niliuliza vile. Jibu ni kwamba ili uzi utetemeke nusu, haitoshi kuulegeza nusu. Inaomba kuondoa robo tatu ya nguvu inayouvuta, ubakie na robo moja. Uzi wenye kuvutwa na robo ya nguvu unalala juu ya ubao sawa kamba ya kuanikia nguo, unagonga-gonga, hauimbi. Njo maana watu waliotengeneza base ya umeme waliipa shingo ndefu na nyuzi nene. Ile ya Leo Fender, iliyotoka ku Marekani mwaka 1951 na ambayo wengi wameifuata, iko na uzi wa sentimetre 86 hivi tangu daraja mpaka kichwa. Gitare ya kawaida iko na sentimetre 65. Mbele ya hapo, aliyetaka base alibeba ile kubwa ya mbao inayosimama urefu wa mutu, na mubaya ni kuipandisha mu bus.

Uwanja muzima unaimba base isiyokuwa

Watu mingi wamekwisha kusikia gitare iliyoshushwa bila kujua. Kuna muziki fulani wa noti saba ambao wapenzi wa mupira wanauimba bila maneno, ooo, ooo, mu viwanja vya Ulaya, na siku hizi karibu kila mahali. Umetoka ku wimbo "Seven Nation Army" wa mwaka 2003, wa kundi White Stripes la mji wa Detroit. Kundi lile lilikuwa na watu wawili tu: Jack White ku gitare na Meg White ku ngoma. Basiste hakuwapo. Ile sauti nene ya kuanzia, ambayo kila mutu anaapa kwamba ni base, ni gitare iliyopitishwa mu kisanduku cha mguu kinachoitwa Whammy, cha DigiTech, kinachoishusha oktave moja.

Wapenzi wa Club Brugge ya Ubelgiji waliuimba ku Milan mu mwezi wa kumi wa mwaka ule, siku timu yao ilicheza na AC Milan. Waitalia wakauchukua, na mu Kombe la Dunia ya 2006 ukawa wimbo wao. Watu elfu makumi wanaimba na vifua vyao base ambayo hakuna mutu aliyeipiga. Mimi hata leo nikiusikia ku televizyo ninacheka.

Kisanduku cha mguu ni kizuri kwa mutu anayepiga mbele ya watu, lakini kiko na bei yake, na kwa bei ile mwingine angenunua base ya kutumiwa. Mwenye kutaka tu kurekodi anaweza kufanya kazi ile ile na programu ya bure. Ile ya mutoto wa jirani ni Audacity. Ilianzishwa na watu wawili wa universite ya Carnegie Mellon ku Marekani, Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg, ikatoka kwa watu wote mwaka 2000, na mpaka leo hailipishwi. Inatembea ku ordinatere hata ya zamani. Ukiisha kuitia mara moja, haiombi intaneti tena. Kuna zingine pia, lakini hii ndiyo niliyoiona na macho.

Mukanda wa majiwe

Namna gani mashini inashusha sauti? Mutu wa mine ataelewa haraka kuliko wengine. Fikiri mukanda unaobeba majiwe kutoka shimo. Ukiupunguza mbio nusu, majiwe yanafika pole pole, nusu kwa kila sekonde. Sauti ni vilevile: ukiirekodi ku bande na kuizungusha nusu ya mbio, mitetemeko 82 inakuwa 41. Oktave imeshuka, kazi imekwisha. Lakini kuna deni: wimbo wa dakika tatu sasa unachukua dakika sita, na base inafika wakati wengine wamekwisha kuenda kulala.

Kwa hiyo programu inafanya kazi ya pili. Inakata sauti ile vipande vidogo sana, vya sehemu ndogo ya sekonde, inaondoa vingine, inashona vilivyobakia mpaka urefu unarudia dakika tatu. Ubora wote uko mu kushona. Kipande kimoja kikiishia juu ya mutetemeko na kingine kianzie chini, sikio linasikia kitu sawa kokoto mu kiatu. Programu nzuri inatafuta mahali ambapo vipande viwili vinafanana, inashona pale.

Sasa utaelewa mambo mawili ambayo kila mutu anayejaribu anagonga kichwa juu yake. La kwanza: usipige noti mbili kwa mara moja. Noti moja ni wimbi moja, mashini inaona mahali pa kushona. Noti mbili ao akordi nzima ni mawimbi yanayopishana, na pale ambapo moja inakubali mushono, ingine inakataa. Inatoka uji. La pili: pigo lenyewe, ile saa kidole kinaachia uzi, ni fupi sana, na mukasi ukipita pale, pigo linalegea ao linasikika mara mbili. Njo maana base ya namna hii inakuwa laini kuliko base ya kweli. Kwa rumba ya pole haisumbui. Kwa muziki wa mbio, utaona.

Kuna njia ingine, ya zamani, ambayo mimi ninaipenda sana juu haina mushono hata moja. Unakubali deni ya mukanda na unailipa mbele. Piga njia ya base mara mbili ya mbio ya wimbo, uirekodi, kiisha uambie programu ipunguze mbio nusu. Sauti inashuka oktave, urefu unakuwa sawa sawa, na hata mulio wa uzi unarefuka sawa uzi munene wa kweli. Uzito wake ni mwingine kabisa. Lakini inaomba mikono. Wimbo wa pigo 70 kwa dakika utaupiga kwa 140, na kosa ndogo ya saa inatoka kubwa mara mbili. Yaya alijaribu jioni tatu. Ya tatu akafaulu mistari ine, akaacha gitare, akaenda kunywa maji. Kwa wimbo wote walirudi ku njia ya kwanza.

Ku nyumba, namna gani

Gitare ya umeme ni nyepesi kutumia: unaiunga ku ordinatere na kable, unachagua mikro yake iliyo karibu na shingo, unafunga kifungo cha ton karibu chote ili sauti isiwe ya kukata. Gitare kavu nayo inaweza. Weka telefone karibu, kama sentimetre 20, ielekee mahali shingo inaungana na tumbo, si mbele ya tundu, juu pale sauti inavuma sana. Funga milango. Ngojea pikipiki ipite. Kiisha peleka ile sauti ku ordinatere.

Piga na kidole kikubwa ao na nyama ya vidole, si na ile kipande cha plastiki. Gusa uzi karibu na shingo. Noti moja, uiachie ikufe, kiisha ingine. Basiste wa kweli anajua kwamba kunyamaza nako ni kupiga, na hapa inaomba zaidi, juu uzi wa pembeni ukilia kidogo programu itaushusha nao.

Kiisha kurekodi, chagua ile sauti yote, ingia mu effets, tafuta mahali pa kubadili hauteur. Andika kushuka nusu-toni 12, yaani alama ya kutoa na 12. Kuna kisanduku kidogo cha kuomba kazi ya ubora. Ukitie alama, hata kama ordinatere itachelewa. Halafu ondoa sauti za juu kwa ekwalizere, zile zote zinazopita mara 3.000 ao 4.000 kwa sekonde, juu ni pale kokoto za mushono zinajificha. Ongeza kidogo kati ya 60 na 100. Kidogo. Kijana ambaye amepata base kwa mara ya kwanza anataka nyumba itetemeke, na bafle ya bei ya chini haina nguvu ile, inapasuka tu.

Mutu asijaribu kupiga na kusikia sauti iliyoshushwa kwa saa ile ile, hasa ku ordinatere ya zamani. Mashini lazima isikie walau mutetemeko moja muzima mbele ya kujua ni noti gani, na kwa mi ya chini ule muda peke yake ni sehemu 12 za elfu moja ya sekonde. Ongeza muda wa ordinatere kufikiri, inaweza kufika 50. Sauti inatembea metre 340 kwa sekonde. Kuchelewa kwa 50 ni sawa vile bafle yako iko metre 17 mbali nawe, kule ku barabara. Vidole vinapotea. Piga kwanza, ushushe nyuma.

Na kuna habari ya telefone. Wimbo ukiisha, utatumwa kwa ndugu ku Likasi, ku Kipushi, ku Zambia, na wote watausikia ku telefone. Bafle ya telefone ni ndogo sawa kifungo cha shati. Haina namna ya kusukuma hewa mara 41 kwa sekonde. Base yako nzuri itapotea yote, na watakuuliza kwa nini hamkuweka base. Dawa iko: bakisha kopi ya gitare ambayo haikushushwa, uiweke chini ya ile iliyoshushwa, pole pole, zianze pamoja. Ku bafle kubwa haitasikika sana. Ku telefone ndiyo itakayobeba njia ya base, na sikio litaijaza lenyewe.

Masikio ya watu wa shimo

Sasa nirudie muzee na ngumi yake ku kifua, juu habari ile haikuniacha kulala.

Makelele ya kazi hayaharibu sikio lote kwa mara moja. Yanaanza na sauti za juu, karibu na mara 4.000 kwa sekonde. Ndani ya sikio kuna vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti, na vile vya upande ule vinakufa mbele ya vingine. Vikiisha kufa havioti tena, hakuna dawa wala dongo. Sauti za chini zinabakia miaka mingi. Sasa angalia maneno yetu: a, o, u zinatembea chini. S, f, sh, t ziko juu. Mutu wa mashini ya upepo anasikia kwamba unaongea, lakini hasikii unasema nini. Mu nyumba wanafikiri amekuwa mukali, ao anajifanya. Mama yangu alifikiri vile miaka. Kumbe muzee alikuwa anapokea nusu ya kila neno.

Na muziki ni vilevile. Gitare ya sauti ya juu, sauti za wabinti wa kwaya, shekere: vyote vilikwisha kumutoka. Base imebakia. Mara 41, mara 55, mara 98, kule chini ambako mashini haikumuibia sana, na zingine zinaingia hata kwa mifupa. Kwa hiyo wakati kundi letu lilikuwa bila base, muzee hakuwa anakataa muziki. Muziki haikuwa inamufikia.

Niseme nambari, juu kuna vijana wanaosoma hii na wako ku kazi leo. Taasisi ya Marekani ya afya ya kazi, NIOSH, inasema sikio linaweza kuvumilia desibel 85 kwa masaa 8. Kila ukiongeza 3, muda unakatwa nusu: 88 kwa masaa 4, 91 kwa masaa 2, 100 kwa dakika 15 tu. Mashini ya kutobolea majiwe inapita 110. Vile vizibo vya masikio ambavyo vijana wanaviacha mu mufuko wa overole si pambo.

Nao wanaotengeneza muziki na kasike ku masikio wajihadhari, zaidi na base. Ukitafuta base mu kasike ya bei ya chini hutaipata, utapandisha, utapandisha tena, na sauti zingine zote zitapanda nayo.

Yaya aliona kitu kingine kwa hasara yake. Usiku moja alitoka posti, akanawa, akaketi moja kwa moja ku ordinatere kupanga sauti za wimbo. Aliona gitare iko mbali, akaipandisha. Shekere iko mbali, akaipandisha. Asubui aliwatumia wenzake. Wakamujibu kwamba wimbo unachoma masikio sawa pilipili. Alifikiri wanamuchezea, mpaka alipolala, akaamuka, akausikiliza mwenyewe. Kiisha masaa ya makelele, sikio linachoka, na sauti za juu zinafifia kwa muda, masaa kadhaa ao siku nzima. Ulichopanga na sikio lile ni cha sikio lile tu. Tangu siku ile hapangi sauti mbele ya kulala. Na alianza kuvaa vizibo vyake, jambo ambalo bibi yake alimuomba miaka mitatu bila jibu.

Kidole kikubwa

Kuna wazee watasema kwamba base kutoka gitare si kitu kipya huku kwetu, na watakuwa na haki. Mwaka 1952, ku Jadotville, mji tunaoita leo Likasi, Hugh Tracey, muzungu aliyekuwa anazunguka Afrika na mashini ya kurekodi, alimurekodi kijana moja wa Bayeke, Mwenda Jean Bosco. Gitare kavu moja, mutu moja. Watu wa mbali waliosikia sahani zile walifikiri ni gitare mbili. Siri ilikuwa mu mukono wa kuume: kidole kikubwa kinatembea ku nyuzi nene, kinashika base bila kusimama, na kidole cha pili kinaimba juu. Wapigaji wengi wa Katanga walipita njia ile.

Muzee wetu naye, mbele ya shimo, alipiga vile. Si kwa sahani, kwa jirani tu, siku za mushahara. Nilikuwa nimesahau.

Kwa anayetaka kujaribu namna ile na programu, iko neno moja la kazi: usishushe gitare yote. Ukishusha vidole vyote viwili, ile njia nzuri ya kidole cha pili inashuka nayo na inakuwa matope. Rekodi kwanza gitare yako kamili, sawa kawaida. Kiisha rekodi mara ya pili kidole kikubwa peke yake, huku unasikiliza ile ya kwanza ku kasike, na ushushe hii ya pili tu.

Ndivyo kundi lilivyofanya, na ndiyo wimbo uliolia siku ya mungu ile. Kiisha muzee kujipiga kifua, aliomba waurudilie. Akavuta kiti yake mpaka mbele ya bafle, akaweka mukono wa kushoto juu yake, sawa vile mutu anapima mutoto kama ana homa. Mukono wa kuume ulibakia ku goti, na kidole kikubwa kikaanza kutembea. Tuliangalia kidole kile, si yeye. Wimbo ulifika katikati, akatikisa kichwa.

— Base yako iko inachelewa.

Vijana wakacheka kidogo. Yaya hakucheka, lakini akasema hapana, papa, alipiga vizuri, alikuwa anasikia wenzake.

— Iko inachelewa, akarudilia muzee.

Mutoto wa jirani akafungua ordinatere, akazikuza zile sauti mbili moja juu ya ingine mpaka zikajaza ekra, akaweka kidole pale ngoma inaanzia, na kingine pale base inaanzia. Karibu moja ya kumi ya sekonde. Wakati yaya alikuwa anapiga na kasike, ordinatere ilikuwa inaandika sauti yake nyuma ya saa, tangu mwanzo mpaka mwisho. Mutoto akaikamata ile base yote, akaivuta ku kushoto mpaka ikalingana na ngoma. Wakaicheza tena. Yaya alikuwa amekwisha kuvaa botini, posti ya usiku ilikuwa inamungojea, lakini alisimama ku mulango mpaka kidole cha muzee kilipoacha kutembea.